Nyanya za haidroponiki zikianza maua: jinsi ya kujua zinakosa nini kabla hujaongeza mbolea

Wakuu, kipindi ambacho nyanya ya haidroponiki (ya kulima bila udongo, chakula chake kinakuja kwenye maji) inakutoa jasho sio kitaluni na wala sio wiki ya kwanza baada ya kuhamisha miche. Ni pale kichala cha kwanza kina matunda yanajaa, cha pili kina matunda madogo, cha tatu kimefungua maua na juu mmea bado unarefuka. Kila sehemu inataka kula kwa wakati mmoja. Hapo ndo majani yanaanza rangi za ajabu ajabu, na hapo ndo mtu anakimbia duka la pembejeo kununua busta, anapiga, wiki ijayo anashauriwa busta nyingine anapiga tena, hela inaisha na mmea unazidi kuchoka.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane: kwenye haidroponiki mara nyingi mmea unaoonyesha njaa umezungukwa na chakula. Kipo kwenye maji kabisa, ila mmea haukipati, kwa sababu pH (kipimo cha uasidi wa maji) imekimbia, au chumvi imejaa kwenye kokopiti (makapi ya maganda ya nazi tunayopandia), au mizizi imeoza, au kirutubisho kimoja kinambania mwenzie. Kuongeza mbolea ni jambo la mwisho, sio la kwanza. Jani ndo linachelewa kuliko vyote kutoa taarifa, ukisubiri jani likuambie ujue tatizo lina siku nyingi.

Ninayoandika hapa ni kwa nyanya ndefu, zile za kufunga kamba, kama Anna F1 na wenzake, ndani ya kitalu nyumba, kwenye ndoo au mifuko ya kokopiti au pamisi (mawe mepesi ya volkano), maji yanakuja kwa dripu, yaani matone. Mwenye hoho mengi yatamfaa pia. Wenye mabomba ya maji yanayozunguka nitawagusa pale panapotofautiana.

Kwanza hakikisha mita yako haikudanganyi

Hii watu wanairuka halafu wanahangaika mwezi mzima. Mita ya pH inatakiwa kusetiwa na maji ya kipimo ya 7.00 na 4.01, ya EC (kipimo cha wingi wa chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, hapa chote ni kwa mS/cm) na maji ya 1.413. Wakati wa msimu fanya hivyo angalau kila wiki mbili. Kile kichwa cha mita ya pH kikikauka kimekufa, na ukikihifadhi kwenye maji safi ya kuchuja nacho kinakufa taratibu, kinataka yale maji yake maalumu ya kloraidi ya potasiamu, vifuniko vingi vinakuja na kasponji kake, kaloweshe.

Kitu kingine, acheni kuongea kwa ppm (miligramu kwa lita) jamani, ongeeni kwa EC. Mita nyingine zinazidisha EC kwa 500 na nyingine kwa 700, kwa hiyo mtu akikwambia "mimi nalisha 1400" inaweza kuwa EC 2.8 au inaweza kuwa EC 2.0, na hiyo tofauti ndo mmea mzuri na mmea ulioungua ncha.

Pima sehemu tatu, sio moja

Wengi wanapima tangi basi. Tangi linakuambia ulichokusudia kulisha, halikuambii mzizi unaishi kwenye nini. Chukua vipimo vitatu siku hiyo hiyo, EC na pH vyote: maji ghafi kabla ya mbolea, maji yanayotoka kwenye dripa (tega jagi chini ya dripa mbili tatu, za mwanzo wa laini na za mwishoni), na maji yanayochuruzika chini ya ndoo. Haya ya chini tutayaita drein. Weka beseni chini ya ndoo kama tano za sehemu tofauti, kusanya kuanzia asubuhi, pima mchana, na pima pia ujazo wake, maana unataka kujua katika lita mia ulizomwagilia zimetoka ngapi. Kwenye kipindi cha maua na matunda drein ya 20 mpaka 30 kwa mia ni sawa. Ikiwa haitoki kabisa hapo hamna haja ya kuendelea kusoma majani, chumvi inajilimbikiza humo ndani kila siku.

Namba za kuanzia nazo: kwenye dripa EC 2.2 mpaka 3.0, na sehemu za joto kali kama Dar au Mombasa shuka hadi 2.0 kwa sababu mmea unakunywa maji mengi kuliko unavyokula chumvi. pH 5.5 mpaka 6.2. Kwenye drein EC ikiwa juu ya dripa kwa 0.5 mpaka 1.0 haina shida, na pH isizidi sana 6.5.

Sasa soma unachokiona. Drein ikiwa EC 4.5 na dripa ni 2.5, mmea unakunywa maji unaacha chumvi, ncha za majani zinaungua, matunda yanabaki madogo na kitako kinaanza kuoza, na ajabu ni kwamba majani yatakuonyesha kama kuna upungufu wa kalsiamu au potasiamu. Hapo ukiongeza mbolea umeua. Dawa yake ni kumwagilia mara nyingi zaidi kwa lishe nyepesi, EC kama 1.5, mpaka drein ishuke, halafu unarudi taratibu. Usimwage maji matupu kwa mkupuo kwenye mmea wenye matunda, tunda linavuta maji ghafla linapasuka.

Drein ikiwa EC ya chini kuliko dripa, mmea una njaa kweli, hapo una haki ya kupandisha, ila panda kwa 0.2 au 0.3 sio zaidi. Drein pH inapanda kila wiki, 6.8, 7.0, 7.3, basi ama mmea unakula naitreti kwa nguvu (kawaida kwenye ukuaji mzuri) ama maji yako ghafi yana baikaboneti nyingi (chumvi inayoshikilia pH juu), na muda sio mrefu utaona ncha za juu zinakuwa njano. Ikiwa inashuka chini ya 5, cheki kama mbolea yako ina amonia nyingi, au ng'oa ndoo moja uangalie mizizi.

Wale wa maji yanayozunguka nyie hamna drein, tatizo lenu ni kwamba EC inaweza kuwa sawa kabisa lakini ndani yake uwiano umeharibika, potasiamu na naitrojeni zimeliwa, zimebaki sodiamu, kloraidi na salfa. Mita haijui tofauti. Mkifika matunda badilisheni maji yote kila wiki moja hadi mbili, msijazie tu juu.

Maji ghafi ya kwako yana tabia gani

Nimeona watu wananakili fomula ya Uholanzi neno kwa neno, afu maji yao ni ya kisima. Fomula za Wazungu wengi zimeandikwa kwa maji ya mvua au yaliyochujwa. Upande wa Arusha na miteremko ya mlima Meru maji mengi ya ardhini yana floraidi na sodiamu baikaboneti, pH iko juu na inagoma kushuka, unaweka asidi inashuka, kesho asubuhi imerudi. Visima vya pwani, Dar hasa, vingi vina chumvi ya bahari, unaweza kukuta EC imeshafika 1 na zaidi kabla hujaweka gramu moja ya mbolea. Hiyo EC ni ya sodiamu na kloraidi, nafasi ya chakula imeshakaliwa. Kama maji yako ni hivyo, vuna ya mvua uchanganye, hakuna mbolea itakayokutoa hapo.

Kushusha pH tumia asidi ya fosforiki au ya naitriki ya kilimo. Kuna wanaotumia maji ya betri, ambayo ni asidi ya salfa, sikatai inafanya kazi, ila ni ile mpya ya kwenye chupa tu, ya kwenye betri kuukuu ina risasi na hizo nyanya kuna watu watakula. Siku zote asidi ndo inaingia kwenye maji, sio maji kwenye asidi, na vaa miwani na glavu. Na kama unatumia fosforiki nyingi kupambana na baikaboneti, kumbuka unaongeza fosforasi kila siku, punguza ya kwenye fomula.

Toa mzizi nje uuone

Chomoa ndoo moja ya mmea unaoumwa na moja ya mmea mzima, linganisha. Mzizi mzuri ni mweupe au krimu, una vinyweleo, unanukia kama udongo wa mvua. Mbaya ni wa kahawia, unateleza, ukiuvuta ngozi inavuliwa inabaki kama uzi katikati, na unanuka. Huo ni ugonjwa wa mizizi, mara nyingi kimelea kinaitwa pithiamu, na mmea wenye mizizi hiyo utaonyesha upungufu wa chuma, wa kalsiamu, wa kila kitu, hata ukiumwagia mbolea ya dunia nzima.

Kinacholeta hiyo hali sana huku kwetu ni joto la maji. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7.5, na wakati huo huo mzizi wenye joto unahitaji oksijeni zaidi, sio kidogo. Tangi jeusi lililosimama juani saa nane mchana linapika. Lifukie nusu, au lipake rangi nyeupe, au lijengee kakibanda. Mabomba ya dripu yanayolala juani pia, lile fungu la kwanza la maji likitoka mchana gusa kwa mkono, utashangaa.

Ondoa wadudu na virusi kwenye orodha

Kabla hujasema "hii ni magnesiamu" geuza jani. Chukua karatasi nyeupe, liweke chini ya jani, gonga jani mara mbili tatu kwa kidole, subiri kidogo. Vumbi likianza kutembea huo ni utitiri, na utitiri unalifanya jani liwe na vidoti vya njano ambavyo kwa mbali vinafanana kabisa na upungufu. Ukitikisa mmea vikaruka vidudu vyeupe kama unga ni inzi weupe, na hao ndo wanabeba virusi vya kukunja majani: majani ya juu yanakuwa madogo, yanakunjika kwenda juu kama kikombe, kingo njano, mmea unadumaa na maua yanadondoka. Hayo hamna mbolea inayotibu, ng'oa mmea, tia kwenye mfuko, toa nje. Kantangaze (nondo wa nyanya) yeye rahisi, ukiona jani lina madirisha meupe yasiyo na nyama ndani yake kuna kaviwavi, umemjua.

Na kuna ile watu wanaogopa bure: majani ya chini yanajikunja kwenda juu, magumu kama karatasi nene, lakini rangi ni kijani safi. Hiyo ni mmea una sukari nyingi kuliko unavyotumia, au umepogolewa sana, au joto. Acha.

Sasa ndo soma jani, na swali la kwanza ni chini au juu

Kuna virutubisho ambavyo mmea unaweza kuving'oa kwenye jani la zamani ukavipeleka panapohitajika: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, magnesiamu. Vikipungua, majani ya chini ndo yanaumia. Vingine vikishaingia kwenye jani vimeingia, havihami: kalsiamu, chuma, boroni, na kwa kiasi kikubwa manganizi na zinki. Vikipungua, kinachoumia ni kipya, yaani ncha, maua na matunda. Ukishika hilo tu umeondoa nusu ya makosa. Simama mbele ya mmea, usiangalie jani moja, uliza dalili imeanzia wapi.

Chini, njano katikati ya mishipa na mishipa yenyewe imebaki kijani: magnesiamu. Hii ndo utakayoiona kuliko zote matunda yakishakuwa mengi. Na mara nyingi chanzo ni wewe kupandisha potasiamu ili nyanya ziwe tamu, potasiamu ikizidi inamzuia magnesiamu mlangoni. Kokopiti ambayo haikuoshwa na kutibiwa vizuri nayo inashikilia kalsiamu na magnesiamu inaachia potasiamu na sodiamu. Kama ni majani mawili ya chini kabisa wala usihangaike, hayo utayapogoa, mavuno hayatatikisika. Ikipanda mpaka majani ya katikati, piga chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti) gramu 10 kwa lita moja ya maji, jioni, rudia baada ya wiki, na kwenye tangi ongeza gramu 100 kwa kila lita 1000, hiyo inakupa kama 10 ppm zaidi ya magnesiamu. Usisahau kucheki pH, ikiwa chini ya 5.5 magnesiamu inakuwa ngumu kupatikana.

Chini pia, lakini kingo ndo zinaanza njano halafu zinakauka kahawia kama zimebabuliwa na moto: potasiamu. Uthibitisho uko kwenye tunda, litaiva kwa mabaka, sehemu nyekundu sehemu njano ngumu, na ukilikata ndani kuna kuta nyeupe. Nyanya yenye matunda inataka potasiamu karibu 300 ppm, wakati naitrojeni inatosha 180 mpaka 200. Wanaoendelea kulisha fomula ya miche mpaka mavuno hapa ndo wanapokwama. Kabla hujaongeza lakini, drein EC ilikuwa ngapi? Kingo kuungua kwa chumvi nyingi kunafanana sana na hii, tofauti ni kwamba ya chumvi inapiga ncha za majani ya umri wote.

Mmea mzima umepauka kuanzia chini, jani la chini njano lote na mishipa yake: naitrojeni. Kwenye haidroponiki sio ya kawaida sana, ukiikuta cheki kwanza kama dripa imeziba. Kinachosumbua zaidi ni kuzidi. Chukua rula au kalipa, shuka sentimita 15 kutoka kwenye ncha, pima unene wa shina. Milimita 10 mpaka 12 mmea umetulia. Zaidi ya hapo, majani kijani cheusi, ncha zimepinda chini kama kucha, vichala vinatoa majani mwishoni badala ya maua, huo umenoga mno, unajenga mwili na hauna habari na matunda. Punguza naitrojeni, pandisha EC kidogo, acha kitalu kipoe usiku. Chini ya milimita 8 umechoka, una matunda mengi kuliko nguvu yake, punguza matunda kwenye vichala vya juu.

Zambarau chini ya majani: watu wanasema fosforasi. Kwa wa Njombe, Lushoto au Limuru miezi ya Juni na Julai, ni baridi. Mzizi kwenye baridi hauchukui fosforasi hata ikiwa tele. Ukiimwaga zaidi utaishia kuibana zinki na chuma. Subiri joto lirudi uone.

Juu, majani machanga kabisa yamekuwa njano mpaka meupe, mishipa myembamba imebaki kijani, njano imeanzia kwenye shina la kajani kuelekea ncha: chuma. Na hapa tena mara nyingi chuma kipo ila pH imezidi. Angalia pakiti yako imeandikwa nini, maana chuma kinauzwa kimefungwa na kibebeo (EDTA, DTPA au EDDHA) ili kisigande kwenye maji: chuma cha EDTA kinaanza kuachana na kamba zake pH ikipita 6.5 hivi, cha DTPA kinavumilia mpaka karibu 7, cha EDDHA kinaenda juu zaidi ila bei yake imesimama. Kwa maji ya baikaboneti EDTA ni kutupa hela. Shusha pH kwanza, ongeza chuma cha DTPA mpaka tangi liwe na 2 hadi 3 ppm, na punguza kumwagilia kama kokopiti imelowa muda wote, mzizi uliozama hauchukui chuma. Manganizi inafanana na hii ila njano yake ni ya wavu wavu na inaanzia kidogo chini ya ncha, na chanzo kile kile cha pH.

Ncha imekufa, majani machanga yanavunjika ukiyakunja kama chipsi, vikonyo vina makovu ya mpasuko, maua yanadondoka: boroni. Tahadhari kubwa. Boroni inatakiwa 0.3 mpaka 0.5 ppm tu, na kati ya kutosha na sumu hamna nafasi. Lita 1000 zinahitaji boraksi kama gramu 3 na nusu. Kama huna mizani ya kusoma gramu moja moja usiiguse, nunua mchanganyiko wa madini madogo uliokwisha tengenezwa. Mambo ya kijiko hapa hapana.

Kitako kuoza

Hii inastahili nafasi yake. Tunda likiwa bado la kijani, pale chini lilipodondokea ua, panatokea kabaka kama pamelowa maji, kama sarafu ndogo. Siku chache panakuwa kahawia, halafu peusi, panabonyea na kukauka kama ngozi ya kiatu. Kila mtu anajua ni kalsiamu, na kila mtu anakimbilia kupiga kalsiamu majanini. Haifanyi kazi, na sababu ni hii: kalsiamu inasafiri na maji tu, kutoka mzizini kwenda mahali panapotoa mvuke. Jani linatoa mvuke mwingi, tunda karibu halitoi. Kwa hiyo jani linajaa kalsiamu, tunda linabaki na njaa, na kile kilichoingia kwenye jani hakirudi kwenda kwenye tunda. Ukilazimika kupiga, lenga matunda madogo yenyewe, yale ya kama gololi, hao waliokwisha kuoza waondoe tu.

Tafuta chanzo kwa mpangilio huu. Moja, umwagiliaji: ndoo inakauka mchana kati? Inyanyue kwa mkono saa nane, ikiwa nyepesi umepata jibu, gawa maji yale yale kwenye zamu nyingi fupi. Mbili, drein EC iko juu, chumvi inamzuia mzizi kunywa. Tatu, amonia. Na hapa nina ugomvi na baadhi ya wauzaji: CAN (kalsiamu amonia naitreti) sio kalsiamu naitreti. Mtu anaambiwa "ni ile ile tu, ni ya bei nafuu". CAN nusu ya naitrojeni yake ni amonia, na hiyo kalsiamu yake ni chokaa isiyoyeyuka, inabaki chini ya tangi na kuziba dripa. Amonia inashindana na kalsiamu, kwa hiyo unanunua CAN upate kalsiamu unaishia kuongeza kitako kuoza. Naitrojeni ya amonia isizidi sehemu moja ya kumi. Nne, potasiamu au magnesiamu zimepita kiasi. Tano, hewa: kitalu kikiwa kikavu na cha moto sana jani linavuta maji yote, kikiwa na unyevu umeganda hakuna kinachotembea. Na mbegu zile ndefu ndefu za umbo la yai zinaumwa hii kuliko za duara, ukiona zinaumwa peke yake na za jirani ni nzima, ni mbegu.

Kumbuka tunda lilidhurika karibu wiki mbili baada ya ua, kabla wewe hujaona chochote. Kwa hiyo hata ukirekebisha leo, matunda yatakayoendelea kutokea mabaya siku kumi zijazo ni ya makosa ya zamani. Usibadilishe tena mambo kwa hofu.

Maua kudondoka mara nyingi sio mbolea

Kalishike hili: ua likikatika pale kwenye kiungo cha kikonyo, angalia kipimajoto kwanza. Mchana zaidi ya nyuzi 32 hadi 35, au usiku haushuki chini ya 22 hadi 24, chavua inakufa. Ndo maana Dar mwezi wa Januari nyanya za kitalu zinatia aibu. Na ndani ya neti hakuna upepo wala nyuki, wale nyuki wakubwa wenye manyoya wanaotumika Ulaya kwenye vitalu huku kusini mwa Sahara hatunao kiasili. Gonga waya za juu kwa fimbo kati ya saa nne na saa sita asubuhi hewa ikiwa imekauka kidogo, kila siku au siku moja ndiyo moja hapana.

Kurekebisha fomula

Kama umepita kote huko na mita zinasema njaa ni ya kweli, linganisha na hii. Kwa lita 1000 za maji laini: kalsiamu naitreti gramu 900, potasiamu naitreti 400, MKP (mono-potasiamu fosfeti) 200, potasiamu salfeti 200, chumvi ya Epsom 500, na madini madogo kwa kipimo cha pakiti. Inakupa naitrojeni kama 190 ppm, fosforasi 45, potasiamu 290, kalsiamu 170, magnesiamu 49, na EC kama 2.1 juu ya ile ya maji yako. Maji yako yakiwa tayari na kalsiamu au magnesiamu toa kwenye hesabu. Ukitengeneza zile nzito za kuhifadhi, kalsiamu na chuma zikae tangi A, fosfeti na salfeti tangi B, zisikutane kabla ya kuingia kwenye maji mengi. Zikikutana zikiwa nzito unapata tope jeupe kama chokaa chini, hiyo ndo kalsiamu na fosforasi yako imekuaga.

Badilisha kitu kimoja, andika tarehe, subiri wiki. Jani lililokwisha kuwa njano halirudi kijani vizuri hivyo usilitazame hilo, funga uzi mwekundu kwenye shina chini ya jani jipya kabisa siku uliyorekebisha. Yatakayotoka juu ya uzi yakiwa safi umepatia, yakiwa na dalili ile ile rudi kwenye mita na mizizi.

Ukishindwa kabisa peleka majani maabara, TARI Mlingano (kituo cha utafiti wa kilimo) kule Tanga, SUA (chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine) Morogoro, na Kenya wapo KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo). Chukua jani la nne au la tano kutoka juu pamoja na kikonyo chake, kwenye mimea kama ishirini, asubuhi, kabla hujapiga chochote majanini. Mafungu mawili: mimea inayoumwa na mimea mizima ya kitalu hicho hicho, kila fungu kwenye bahasha yake ya karatasi, sio mfuko wa nailoni maana yatavunda njiani. Peleka na chupa ya maji ghafi na chupa ya drein, na umwombe mtaalamu akupimie baikaboneti na sodiamu pia, maana usipotaja wengi watakupimia NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) tu.